Maneno Yenye Mkia Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la Kiingereza limeanza, chumba cha juu ya duka la viatu. Sababu ni mkwe wangu. Ni miaka miwili tangu amwoe binti yangu. Kiswahili hakimpandi, Kiingereza hakinipandi, basi tunachekeana tu kama watu waliopishana kwenye ngazi. Nimechoka kucheka.

Mwalimu kaandika ubaoni maneno manne, yote yanaishia na o-u-g-h. Tough — tafu, ngumu. Cough — kofu, kikohozi. Though — dho, ingawa. Through — thruu, kupita ndani ya kitu ukatokea upande wa pili. Herufi zilezile, kila neno na sauti yake. Nikauliza kwa nini. Akasema, mama, hapo hakuna kwa nini, kariri.

Nimekariri. Nimerudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Jumatano, 5 Machi

Leo thought — thoti. Wazo. Pia "nilidhani". Yaani ukiibandika t kwenye ingawa, unapata wazo. Nani alikubali hili?

Kasuku anasema nisijisumbue, nifuate mdomo wa mwalimu. Ni mhudumu wa hoteli, anakaa kiti cha mbele. Jina tumempa sisi, maana hurudia kila kitu kwa sauti.

Binti hajapiga simu tangu Jumapili. Wanasubiri karatasi zao za kuhamia kwa kina mkwe, ng'ambo.

Alhamisi, 6 Machi

Ujumbe! Kutoka kwa mkwe mwenyewe, nikiwa nakata kitambaa: "Mama, we are through. She will tell you."

Nimeusoma peke yangu, bila kumwomba mtu. Through — wamepita. Mengine binti ataniambia. Karatasi zimekubaliwa. Nikakaa chini. Nikafurahi, nikalia, nikafurahi tena. Mwanangu anakwenda mbali, lakini ndilo walilolitaka.

Nikajibu, herufi moja moja: "I am very happy. Thank you."

Alama inaonyesha kasoma, bado hajajibu. Labda ana shughuli.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwonyesha mwalimu ujumbe, nikingoja sifa. Akausoma mara mbili. Akavua miwani. Mama, hili neno lina maana nyingine.

Ipi?

Mtu na mwenzake wakisema hivyo, mara nyingi wameachana.

Sasa hapa ni ipi? Inategemea, akasema. Inategemea nini? Kasuku akadakia: wageni wake wakisema "I am through", yaani nimemaliza, yeye huondoa sahani.

Binti yangu ni sahani?

Na mimi nimesema nimefurahi sana. Nimeshukuru, tena.

Simu ya binti haipatikani. Hata ikipatikana sijui nianze na pole au hongera.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwandikia mkwe: "Through what?", yaani mmepita nini. Jibu limekuja mchana: "I thought you knew." Nilidhani unajua. Kila neno nimelielewa, na sijaelewa kitu. Mteja kaja kuchukua sketi yake, nikampa ya mwenzake.

Jumapili, 9 Machi

Binti amekuja. Begi moja, macho mekundu. Hata hajakaa nikamuuliza, mmepita au mmeachana?

Akaniangalia. "Yote mawili, Mama."

Karatasi zilitoka Jumatano. Alipoziona mezani ndipo akajua hataki kwenda. Wakagombana mpaka asubuhi. Mkwe kwa hasira akaniandikia mimi, anasema binti. Mkwe alikuwa ameshaanza kulegea. Kisha akausoma ujumbe wangu. "Amenionyesha, Mama. Anasema, kumbe hata mama yako alikuwa anaiombea siku hii."

Nikamweleza kuhusu mkia wa herufi nne. Sijui kama alisikia. Kaomba taulo, kaingia kuoga.

Simu yake, aliyoiwasha sasa hivi na kuichomeka hapa kwenye chaji, imeita. Mkwe. Nimepokea. Nikasema nilikosea, sikuelewa — kwa Kiswahili. Akasema "Mama?", kisha maneno marefu, ya haraka. Nimeshika mawili tu: her, yeye, na please, tafadhali. Nimemwambia "wait". Naye anangoja, namsikia anavyopumua. Naandika kwa mkono mmoja, natafuta "sikuelewa" kwa lugha yake, na yanayokuja kichwani yote ni kikohozi.

Maji bafuni yamefungwa. Binti anauliza nyuma ya mlango, unaongea na nani, Mama?