Pikapu Iliyonyamazishwa Alfajiri

Ami yangu mpendwa,

Juzi nilivuka Feri maji yakiwa yamepwa kabisa, na gari langu likapanda ule mwinuko wa Likoni bila kunung'unika. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayoamua cheche ipigwe lini. Dereva hana la kuongeza. Lakini nilipofika juu niliona nimeukamata usukani kwa mikono miwili na meno nimeyakaza, kama siku ile nilipokaa kando yako. Ndiyo sababu nakuandikia, ingawa barua hii haina anwani ya kuendea.

Wasiokujua wajue kwamba miaka ile ya tisini ulikuwa na pikapu ya buluu, na kazi yako ilikuwa kubeba nyanya na vitunguu kutoka soko la Marikiti kuvipeleka kwenye maduka ya Likoni. Ulikuwa ukiilaza kichochoroni Mji wa Kale, kati ya ukuta wa nyumba yenu na ukuta wa msikiti. Ukishaswali alfajiri ulitoka wa kwanza, ukaiwasha na kuiacha ipate moto, na wenzako bado wamo ndani kwenye uradi, zile dhikri za baada ya swala. Kati ya kuta mbili za mawe, mngurumo ule ulikuwa haunyamazi. Uligonga huku ukarudi kule.

Shehe alikuita kando. "Sudi, gari lako latushinda sauti. Mola twamsikia kwa shida."

Ulijua injini kiasi cha kutomhitaji fundi kwa jambo dogo. Uliilegeza nati inayoshika distributa, kile kikombe kinachogawa umeme kwa plagi, ukakizungusha kidogo huku umetega sikio. Mngurumo ukashuka. Ukazungusha tena kidogo. Pikapu ikatulia, ikawa yanong'ona. Ijumaa iliyofuata Shehe alikushukuru mbele ya watu na kukuombea dua, na watu wakaitikia amina. Ulirudi nyumbani umejaa furaha. Niliiona.

Baada ya hapo pikapu ikaanza kuchoka. Ilikunywa petroli kupita kawaida, rejeta ikachemka njiani, na ukiitia mzigo ilikuwa kama inayoburuta nanga. Jirani mmoja akasema ringi za pistoni zimekwisha. Mwingine akasema gari nalo lina umri wake.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Nilikuwa sina kazi gazetini, nikafuatana nawe. Maji yalikuwa yamepwa, kwa hiyo feri ilikaa chini na njia ya saruji ya kutokea ikawa ndefu, kali, yenye utelezi wa mwani. Ukatia gia ya kwanza. Pikapu ikapanda nusu, ikahema, ikasimama. Ulikanyaga mafuta mpaka chini, isijibu. Ikaanza kurudi nyuma. Ulipokanyaga breki, magurudumu yalishika lakini yakateleza, na nyuma yetu watu walikuwa wakipanda kwa miguu. Mama mmoja aliyebeba mtoto alikuwa karibu kiasi cha kuigusa bodi. Hamali akatupa gogo nyuma ya gurudumu, na hapo ndipo tuliposimama. Hakuna aliyeumia. Nimeripoti ajali nyingi tangu hapo, na bado naamini gogo lile ndilo lililoamua.

Wachuuzi hawakukuhurumia.

"Mzee, zishushe nyanya zipande kwa miguu!"

"Mpe chai huyo, hajafungua kinywa!"

Ulicheka nao. Hamali wanne wakatusukuma mpaka juu. Tulipofika barabarani ukazima injini.

"Mwanangu," ukasema, "gari halina kosa. Ni mie. Mguu wangu hauijui tena klachi. Leo ningemuua mtoto wa watu."

Jioni ile ulimwambia Bi Zuhura, mkeo, kwamba umekwisha kuendesha. Ukampata mnunuzi wa Kisauni, mkapatana aje Ijumaa baada ya swala kuichukua. Hukuwa na kazi nyingine. Ulichokuwa umepanga ni kukaa barazani.

Nilikuja Alhamisi na swali moja, ambalo ndilo ninaloanza nalo popote ninapotumwa.

"Ilianza lini, Ami?"

"Uzee hauna tarehe."

"Uzee sikuuliza. Nauliza gari."

Bi Zuhura alikuwa ndani akichagua mchele. Akajibu dirishani kabla hujafungua kinywa. "Tangu Shehe alipomuombea dua. Zamani lilikuwa lapiga kelele, lakini lilikuwa lapanda."

"Wewe nawe! Dua itaua injini?"

"Dua sikuitaja kwa ubaya. Nasema lile ulilolifanya mpaka ukaombewa."

Halafu ukaingia ndani, ukatoka na spana.

Ulinieleza huku umeinama juu ya injini, na tangu hapo sijasikia maelezo bora. Ukaniuliza kama nimewaona hamali wa Marikiti wakitwishana magunia. Anayekusaidia lazima aanze kuinua kidogo kabla hujanyooka, ili nguvu zake zikufikie unapoinuka. Akichelewa, umeshainuka peke yako na yeye ameshika hewa. Akiwahi mno, gunia linakusukuma chini ungali umechuchumaa. Petroli nayo haiwaki yote mara moja, ukasema, yataka muda. Kwa hiyo cheche ipigwe kidogo kabla pistoni, ule mchi unaopanda na kushuka, haijafika juu, ili moto ukomae pistoni inapoanza kushuka na kuisukuma kwa nguvu zote. Ulipoizungusha distributa kwa ajili ya ukimya, uliichelewesha cheche. Moto ukawa wamfukuza aliyekwisha kuondoka. Nguvu ikatokea kwenye ekzosi, bomba la moshi, ikiwa joto tupu, na rejeta ikachemka bure.

"Mbona hukulifikiria hili?" nikauliza.

Ulijibu bila kuinua kichwa. "Nitaitafuta vipi kasoro mahali nilipopata thawabu?"

Ukaizungusha distributa kurudi. Mngurumo ukapanda, kuta zikaitika. Ukaenda nayo mpaka barabarani, ukaikanyagia, ikagonga kama kopo lenye kokoto. Ukasema sasa imewahi mno. Ukairudisha kidogo, ukajaribu tena, mpaka kugonga kukakoma na mvuto ukabaki. Ukakaza nati.

Nilidhani tumemaliza. Ukakataa. "Twende Marikiti, tupakie, tungoje maji yapwe. Nikipanda maji yamejaa sitakuwa nimejua kitu."

Ulikuwa hujasema kama unaipima pikapu au unajipima mwenyewe. Lango la feri liliposhuka ulisubiri wote wa miguu wapite kwanza, mpaka wa nyuma wakapiga honi. Mmoja wa wachuuzi wale wale akakuona.

"Jamani, mzee karudi na nyanya zake! Tayarisheni gogo!"

Gia ya kwanza. Klachi ukaiachia taratibu, mguu wako ukiijua kama ulivyoijua miaka yote. Pikapu ikapanda. Haikukimbia, ilipanda, nusu ya mwinuko ikapita, mahali pa gogo pakapita, na tulipofika juu ukaegesha pembeni.

"Kumbe si mie," ukasema.

Maneno hayo tu. Kisha ukashuka kwenda kununua karanga kwa mchuuzi aliyekucheka, ukapunjwa, na hukujali.

Mnunuzi wa Kisauni alikuja Ijumaa akanywa kahawa, akarudi alivyokuja. Shehe ulimwendea mwenyewe ukamweleza kwamba kelele itarudi. Alifikiri kidogo, akauliza gari ni zito kiasi gani. Kuanzia kesho yake, alfajiri ulibaki kwenye uradi pamoja na wenzako. Mkimaliza, mlitoka pamoja mkaisukuma pikapu ikiwa imezimwa hadi barabarani, Shehe akiwa wa mbele, kanzu ameipandisha magotini. Uliiwasha hukohuko. Uliendesha miaka mingine mingi, na ulipoacha, uliacha kwa hiari yako.

Sasa mimi nina umri uliokuwa nao wewe. Mwaka huu nilianza kukosea majina katika habari zangu. Mimi, ambaye sikuwahi kukosea. Niliandika barua ya kuacha kazi nikaiweka kwenye droo, maana jina la mtu likiharibika gazetini ni mtu ameharibiwa. Kisha juzi, pale juu ya mwinuko, nikajiuliza swali langu mwenyewe. Ilianza lini? Ilianza niliponunua miwani hii, ambayo kila mtu ofisini aliisifu. Leo nimetoka kwa daktari wa macho. Lenzi zilikatwa vibaya. Nimepewa nyingine, nimesoma ukurasa mzima wa maandishi madogo bila kukwama, na barua ya droo nimeichana.

Kumbe si mie, Ami.

Pumzika. Bi Zuhura akusalimu; bado anachagua mchele dirishani, na bado anajibu maswali asiyoulizwa.

Wako,
Mwana wa nduguyo