Daktari Sheni Mbele ya Ubalozi

Nyumba Nambari 41,
Wembley,
London.
20 Novemba, 2004.

Mpendwa Dada Time,

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh. Shikamoo, dada yangu. Idi imepita, lakini mkono wa Idi nakupa hata kama umechelewa, upokee. Vipi hali yako? Vipi goti? Nasikia vuli imeanza huko, na najua goti lako halipatani na mvua. Mwambie shemeji Sultan akuchemshie maji ya chumvi akukande kila jioni, wala asiseme amechoka. Wewe ulimkanda mgongo mwaka mzima alipoanguka mkarafuuni.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Matar bado anaendesha basi la Harrow na sasa yeye ndiye wa kulalamika mgongo. Munir amenipita kimo. Kiswahili anakisikia chote, ukimtuma anakwenda, lakini jibu linatoka Kiingereza. Mara nyengine namsemesha makusudi mpaka nachoka mimi.

Idi ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilipika mkate wa kumimina, haukuumuka, sijui ni unga wa huku au ni mkono wangu. Nikalia kidogo jikoni. Si kwa ajili ya mkate, dada, wewe unanijua.

Sasa nina habari niliyokuwa nikiiweka mpaka nipate siku tulivu ya kukuandikia vizuri. Unamkumbuka Daktari Sheni? Yule mama wa Kichina wa wodi ya wazazi hapo Mkoani, enzi zile wewe muuguzi mpya na mimi msichana wa skuli ninayekuletea chakula cha mchana. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, ulikuja nyumbani macho yamevimba, mama akadhani umefukuzwa kazi. Basi yuko hapa London. Nimemshika mkono.

Ilivyokuwa ni hivi. Ofisi ninayofanya kazi ya mapokezi iko nyuma ya Portland Place. Nashuka treni Great Portland Street, nakwenda kwa miguu. Njiani kuna ubalozi wa China, na ng'ambo ya barabara, kuuelekea, kila siku kuna Wachina wawili watatu wamekaa chini na mabango yao ya manjano, wamefumba macho, kimya kabisa. Jua, mvua, wapo. Nilikuwa nawapita bila kuwatazama. Mtu aliyekimbia kwao akiona mabango huvuka barabara. Mimi tangu yale ya Januari 2001 huko Pemba, askari walipowapiga risasi waandamanaji, hata bango la kuuza viatu linanishtua.

Mwaka jana mwezi wa kwanza ilianguka theluji kubwa. Nikateleza palepale, nikaangukia mkono. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno. Nikasikia sauti juu ya kichwa changu: "Pole, mwanangu. Usinyanyuke. Pumua. Pumua pole pole."

Kwa Kiswahili, dada! Tena Kiswahili cha wodi ya wazazi. Nilidhani nimegonga kichwa. Nikatazama juu, namwona bibi wa Kichina mwenye kofia ya sufu, ananibonyeza kifundo cha mkono, ananiambia hakikuvunjika.

"Mama, umejifunza wapi maneno haya?"

"Mkoani," akasema, kama mtu anayesema "jikoni".

Nilipomwambia mimi ni mdogo wake Time, muuguzi, alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Time! Time ndiye aliyenifundisha *sukuma*!" Akacheka, kisha akawa analia, na mimi nimekaa kwenye theluji nalia naye, Waingereza wanatupita wakitazama viatu vyao.

Tangu siku hiyo sivuki tena barabara. Kila nikitoka kazini nasimama kwake. Nampelekea chai ya tangawizi, ananiuliza habari za Pemba, tunatafuta maneno yake yaliyopotea. Na kidogo kidogo akanieleza mambo yake.

Alipostaafu huko kwao Nanjing alikuwa na maradhi ya mgongo, akaanza kwenda bustanini alfajiri kufanya mazoezi pamoja na wenziwe. Yanaitwa Falun Gong. Wanasimama, wananyoosha mikono, wanakaa wanatulia, na wanasoma mafundisho ya mwalimu wao juu ya ukweli, huruma na uvumilivu. Watu walikuwa wengi mno nchi nzima, wazee, walimu, hata askari. Serikali ikaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1999 maelfu walikwenda Beijing wakasimama kimya mbele ya makao ya wakubwa, kutaka waachwe wafanye mambo yao. Miezi michache baadae ikapigwa marufuku. Serikali inasema ni kundi potofu, linadanganya watu wasiende hospitali. Nilimuuliza hilo waziwazi, maana ni daktari. Akasema, "Mimi nikivunjika mguu nakwenda hospitali. Kuna wenzangu wanaona vyengine, tunabishana. Lakini mtu hafungwi kwa kubishana."

Marufuku ilimkuta hapa. Alikuja kulea mjukuu kwa mwanawe wa kiume, Jun, anayekaa Kenton. Alikusudia kukaa kidogo tu, hata sufuria zake aliziacha jikoni kwake. Binti yake, Mei, mwalimu wa skuli ya watoto wadogo, alibaki Nanjing, naye alikuwa akifanya mazoezi hayo. Akaendelea kuyafanya chumbani kwake. Mwaka 2001 alichukuliwa, akapelekwa kambi ya kurekebishwa. Tangu hapo hakuna simu wala salamu. Ndipo mama yake akaanza kukaa mbele ya ubalozi. Kurudi hawezi. Akirudi, atamfuata Mei huko huko.

Usije ukasikia watu wa huku wanasema nimebadili dini, dada. Sala zangu ninazo, na mazoezi yao siyafanyi. Nakaa naye tu. Matar alikasirika mwanzo. "Tumekimbia siasa zetu," akaniambia, "unakwenda kutafuta za Wachina?" Nikamwambia sitafuti siasa, naongea na mtu aliyewahi kula muhogo wa nyumbani kwetu. Hakuridhika.

Sasa sikiliza yaliyotokea Ramadhani hii.

Jioni moja nilipofika Portland Place nikaona nafasi yake tupu. Nikaenda kituo cha treni, nikamkuta amesimama mlangoni ananingojea, hana hata kofia.

"Mei amepiga simu," akasema.

Alipiga asubuhi nyumbani kwa Jun. Baada ya miaka mitatu, dada! Alisema ameachiwa, yuko nyumbani, ametia saini kwamba ameacha mambo hayo, anatendewa vyema. Kisha akasema: Mama, acha kukaa pale barabarani, unaniaibisha mimi na nchi yetu. Daktari Sheni alisema sauti ni ya mwanawe lakini maneno yalikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa ubaoni, na nyuma yake kulikuwa na mtu mwengine anakohoa. Halafu kabla simu haijakatika, Mei akasema haraka, kwa sauti ndogo: "Kaa, mama. Kaa."

Hapo lazima nikueleze kitu. Sheni alipokuja Mkoani alimwacha Mei kwa bibi yake, mtoto wa miaka minne. Aliporudi, mtoto hakumtaka, akimkimbia kama mgeni. Basi akamchezea kwa maneno ya Kiswahili aliyotoka nayo Pemba, maana yalikuwa yakimchekesha. Wakati wa kula anamwambia, "Kaa kitako, Mei!" Mtoto anaanguka kwa kicheko, anakaa. Ndivyo walivyozoeana upya, kwa Kiswahili chetu.

Sasa Jun alikuwa anamwambia mama yake kwamba lile halikuwa neno, ni pumzi tu, Mei alikuwa analia. Akamsihi atii, apumzike nyumbani, dada yake asije akachukuliwa tena. Mzee wa watu akaja kwangu.

"Nusra," akaniambia, "Kiswahili changu kimezeeka. *Kaa* maana yake nini? Niambie sawasawa."

Dada, nilitamani uwepo. Wewe ndiye mkubwa, wewe ungejua la kusema. Mimi nilisimama pale watu wanatusukuma kwa mabegi, saumu imenikausha koo, nikifikiri: nikimwambia ni kama kusema kaa kimya, tulia nyumbani, ataniamini. Atapumzika na kile kikohozi chake cha baridi, Mei ataachwa, Jun atashukuru, Matar atashukuru. Na nikimwambia kweli, halafu yule binti akachukuliwa tena, atakuwa amechukuliwa kwa mdomo wangu. Nilimtazama usoni. Ni mtu aliyenishika mkono kwenye theluji bila kunijua. Sikuweza kumchezea neno la mwanawe.

"Kaa ni usiondoke, mama," nikamwambia. "Lakini pengine anasema ukae huku London, usirudi kwenu. Au anasema ukae pale pale ulipo, usiache. Kwa neno hilo moja mimi siwezi kujua ni lipi. Sikudanganyi."

"Yote mawili," akasema. "Nitafanya yote mawili."

Akafunga vifungo vya koti, akarudi kwenye nafasi yake. Nilifuturu kwa maji na tende pembeni yake.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Kila tarawehe nilimwombea Mei, nikilitaja jina lake hivyo hivyo la Kichina, Mola wetu anamjua. Matar akaniona silali, akaniuliza, nikamwambia yote. Siku ya Idi, baada ya sala, alichukua sufuria ya pilau mwenyewe, akaiviringisha kwa taulo, akasema, "Twende kwa huyo bibi yako." Tulikula pale pale Portland Place, sote na Wachina wenziwe. Munir akamwamkia "Shikamoo" kwa mdomo wake, wallahi, sikumfundisha wala sikumkanyaga mguu. Daktari Sheni akamjibu "Marahaba, mwanangu," na Matar akageuka akatazama ukuta.

Jumatano hii ndiyo habari ikaja. Jirani wa zamani wa Nanjing alimpigia Jun. Mei yuko nyumbani kweli. Amekonda, kusomesha hawamruhusu tena, hazungumzi na watu, lakini anatoka, anakwenda sokoni peke yake kununua mboga. Hakuchukuliwa. Mpaka hiyo Jumatano hakuchukuliwa. Mbele ya hapo hakuna anayejua, na Daktari Sheni hasemi kwamba anajua. Aliniambia tu kwamba mwanawe anapenda mchicha, na alikaa siku nzima akifikiri kama ni mchicha alioununua.

Jana ndipo aliponiuliza swali lililonifanya nikae kukuandikia. Tulikuwa tunaongea habari za Mkoani, ile njia ya kuteremka bandarini, harufu ya karafuu zikianikwa. Akauliza kama bado zinaanikwa barabarani. Nikamwambia bado. Akasema, "Nusra, kwetu hawanitaki. Nikizeeka kabisa, Mkoani watanipokea?"

Nimemjibu kwa niaba yako bila kukuomba ruhusa, nisamehe. Nimesema Dada Time ana chumba cha uani, kina dirisha, na atakupokea kwa mikono miwili.

Akafurahi kama mtoto. Akaniuliza, "Na utanipeleka wewe?"

Dada, unajua hati yangu ya kusafiria, ya mkimbizi, ilivyoandikwa: nchi zote, isipokuwa Tanzania. Watu wanasema tangu muafaka wa vyama mambo yametulia, wengine wamerudi na hawakuguswa. Mimi kila nikifikiri kurudi naona yale niliyoyaona, na kila nikifikiri kutorudi nakuona wewe. Nilimtazama yule mzee, nikashindwa kumjibu, naye alielewa, akanipapasa mgongo. Tumekaa hivyo, mimi na Mchina, katikati ya London, tunaitamani Mkoani.

Ninakuomba umwandikie. Kiswahili anakisoma ukiandika herufi kubwa na maneno mepesi. Mwambie kuhusu wodi, nani yuko hai, nani amefariki, watoto aliowazalisha wamekuwa nani. Na mwambie kuhusu chumba, ili ajue sikumpa maneno ya kumtuliza. Kisha, ukimaliza ya kwake, niandikie na mimi. Niambie hicho chumba cha uani kina vitanda vingapi.

Nisalimie shemeji Sultan na watoto wote. Msalimie Bi Kijakazi hapo jirani, mwambie dua zake nazihitaji. Kaburi la mama lisomewe Yasini kwa ajili yangu, nami huku namsomea. Matar anakusalimu sana, na Munir anasema "Shikamoo", safari hii kwa Kiswahili.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe nguvu za magoti na umri mrefu, na akutanishe kila mzazi na mwanawe na kila ndugu na nduguye kabla macho hayajafumba. Amin.

Mdogo wako akupendaye na asiyechoka kukutamani,

Nusra