Jina Lako Bado Linatokea Kwenye Simu

Baba Anaeli,

Huko uliko najua hakuna mtandao, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la saba, lakini wewe mwenyewe ulikuwa unasema unasomeka kuliko wa daktari. Basi soma.

Sisi tupo, tunapumua. Ng'ombe amezaa, tena jike. Kwaya wamenirudisha kuimba, maana bila mimi walikuwa wanalia tu kama mbuzi wa mnada wa Ngaramtoni. Na unga wetu, mume wangu, umefika Kigali. Mimi ambaye hata Nairobi sijakanyaga, unga wa ndizi nilizozimenya kwa mkono huu, pale uani, kuna mtoto huko Rwanda anakorogewa uji asubuhi. Nimewaambia wanawake wote wa jumuiya. Wengine wamenuna. Wanune tu. Ni Anaeli huyo. Anaweka mfuko juani, mlima Meru unaonekana kwa nyuma, anapiga picha, anaandika maneno yake ya Kiingereza na ya Kiswahili, anarusha mtandaoni. Chai yangu haijapoa, watu wameshaagiza. Nitajie mama mwingine hapa Tengeru aliyezaa mtoto wa namna hiyo. Nasubiri.

Sasa nikuambie kilichonikaba.

Ni ile laini ya biashara. Unakumbuka tulivyoenda kuisajili pale sokoni. Yule binti alinishika kidole akakibonyeza kwenye kile kimashine, kikakataa. Akashika kingine, kikakataa. Akanifuta kwa kitambaa, akanipaka mafuta, wapi. Kisu na utomvu wa ndizi vimekula alama zote. Akacheka, "Mama, wewe huna vidole." Wewe ukasogea mbele, "Weka changu. Kwani mimi naenda wapi?" Chako kikakubali papo hapo, na ndizi ulikuwa humenyi. Kazi yako ilikuwa kuonja uji na kupokea simu.

Lakini ulijua kupokea simu, hilo sikunyimi. Mtu anapiga kutoka Nairobi anataka bei, wewe unamuuliza kwanza kama mvua imenyesha kwao. Anapiga wa Kampala, unataka kujua kama mkewe ameshajifungua. Nilikuwa nakukonyeza umalize, kifurushi cha watu kinakwisha. Kumbe ndiyo ulikuwa unauza. Watu ambao hawajawahi kutuona wakawa wanatuma hela kwanza, unga wanausubiri baadaye, kwa sababu ya sauti yako, na jina lako likitokea kwenye simu yao wanajua hapa ni kwenyewe.

Tangu tukuzike, jina halijaacha kutokea. Mteja akilipa ananitumia picha ya muamala, na wewe umo, kwa herufi kubwa. Siku nyingine nafurahi, naona kama umepita hapa mlangoni. Siku nyingine naigeuza simu kifudifudi mezani, naenda kuchota maji nisiyoyahitaji.

Basi juzi juzi kampuni ya simu imetuma ujumbe. Mwenye laini aende kuihakiki kwa alama ya kidole kabla mwezi haujaisha, la sivyo inafungwa. Mwenye laini. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya jikoni. Kidole wanachokitaka tumekizika.

Tulikwenda mjini, mimi na Anaeli. Kijana wa ofisini ana adabu, shikamoo yake imenyooka, akanipa pole na kiti. Akasema laini haihamishwi bila barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Mahakama nao wanataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Na ukoo, unajua mwenyewe, ni mdogo wako Eliakimu.

Alikuja amevaa koti lako. Linamfika magotini, na bado anatembea nalo sokoni kama diwani. Akakaa, akanywa mtori wangu, akaomba na mwingine, halafu ndipo akasema, "Shemeji, laini ni ya kaka, na vitu vya kaka vinarudi kwa wanaume." Nikamwambia, "Shemeji, koti nimekupa. Redio nimekupa. Wateja siyo koti." Akafuta mdomo. "Basi kama msimamizi siyo mimi, saini yangu mtaisikia kwa jirani." Akaondoka. Bakuli hakurudisha hata jikoni.

Anaeli akasema, "Mama, usimbembeleze. Nasajili laini mpya kwa jina langu, tunawaambia wateja." Nikajisifu moyoni, nimezaa. Akawaandikia wote maneno mazuri ya heshima, kwamba mzee wetu ametutoka, na kuanzia sasa hela itumwe kwenye namba hii mpya.

Unajua walijibu nini? Mama mmoja wa Nairobi, yule anayechukua mifuko ya duka lake, akaandika, "Nyinyi wakora mmezidi. Sasa mnamuua mzee wa watu ndio mmuibie?" Wengine hawakujibu, walitufungia tu. Maana ndivyo matapeli wanavyofanya kila siku, wanakwambia hela tuma kwa namba hii. Na yule wa Kampala akapiga laini ya zamani kutuonya kwamba kuna wezi wanatumia jina letu, tuwe macho. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Akasema, "Mpe mzee simu nimsalimie kidogo." Nikamwambia uko shambani. Sikudanganya, ndiko tulikokulaza, katikati ya migomba. Akasema, "Mwambie asichoke sana." Nikasema nitakuambia. Haya, nimekuambia.

Kwa hiyo niko hapo. Nikinyamaza, laini inafungwa. Nikisema ukweli, mimi ni mwizi. Nikienda ukooni, Eliakimu anapokea simu zako kwa ile sauti yake ya kudai. Kila ninakogeukia ni ukuta. Vichanja vimejaa ndizi zilizokwisha kukauka, wanawake wanaoniletea mikungu wananiuliza kulikoni, nawajibu mambo ni moto, si unanijua. Na Anaeli ameanza kutuma maombi ya kazi Dar. Hajaniambia. Nimemwona akipiga pasi ile blauzi nyeupe, halafu akaikunja vizuri akairudisha kwenye begi.

Ni yeye aliyesema tupige video kaburini. Kuna msalaba, kuna jina, kuna picha yako, wataona, wataamini. Nilimfokea. Nikamwambia kaburi la mume wangu siyo tangazo la unga. Akasema, "Mama, basi wewe nipe njia yako." Tukanuniana, kila mtu na sufuria yake.

Halafu nikawa nakaanga vitunguu, nikawaza wale watu. Yule wa Kampala mkewe alipojifungua, aliyemuuliza jina la mtoto ni wewe. Na hawakupata msiba. Hawakukaa kwenye turubai letu, hawakula wali wetu, hawakushika hata konzi moja ya udongo. Kwao wewe uko shambani, utarudi, utapokea simu. Hasira yao ni ya mtu aliyeambiwa rafiki yake amekufa, na aliyemwambia ni mtu asiyemjua. Na mimi nilikuwa nataka waniamini kwa ujumbe mmoja.

Kwa hiyo kesho, nikishamaliza kukamua, tutakuja hapo ulipolala, tupige hiyo video ya Anaeli. Nitavaa kitenge cha kijani, kile ulichosema nikikivaa nafanana na mke wa mchungaji. Nitataja jina lako lote, polepole, na la baba yako, wale waliozoea kulisoma walisikie. Nitawaeleza ulivyougua, tulivyokuosha, wimbo gani tulikuimbia. Nikilia, nimemwambia Anaeli asikate. Tukitoka hapo nakwenda mjini, naripoti mwenyewe kwamba umefariki, laini yako ifungwe mchana kweupe na mkeo akiwa amesimama pale. Eliakimu abaki na koti.

Sijui ni nani ataamini. Labda watapotea wote, tuanze upya na mteja mmoja wa Themi. Labda Anaeli ataondoka, na nitamfungia unga wa safari, nitaringa stendi nzima kwamba mwanangu anaitwa Dar. Lakini hili nakuahidi: kwenye hiyo video sitauza. Bei sitataja, mfuko sitaushika. Namba mpya ataiandika Anaeli chini, kimya, na anayetaka ataisoma. Ni msiba wako ule, nawapelekea walioukosa.

Pumzika, mume wangu. Kesho ukinisikia nazungumza hapo juu yako na watu wasiokuwepo, usishtuke. Wapo.

Mkeo,
Mama Anaeli