Sala Niliyokusemea

Mama Sekela,

Ukirudi sokoni, chai iko kwenye chupa. Maharage nimeshachemsha, bado kuunga tu. Viti vya Mama Yasmini nimevirudisha.

Asubuhi, jumuiya ilipokuja kusali kwetu, ulisema mbele ya watu kwamba mie ndiye niliyesahau kuwatangazia saa ya sala. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Nilipopewa sala ya mwisho nikafumba macho, nikakusema: “Bwana, mponye mke wangu kiburi.” Wote wakaitikia Amina. Hata wewe.

~~Lakini nawe ungeninong’oneza tu.~~ Hapana, hilo nimelifuta.

Ulipoondoka nilipiga magoti nitubu. Nikainuka tena. Nitamwombaje Mungu msamaha, na wewe niliyekuaibisha kwa jina lake sijakwambia kitu?

Nisamehe, mke wangu. Nimekwenda kwa mzee Kasimiri, mwenyekiti wetu, kisha nitapita nyumba kwa nyumba. Wote waliosema Amina wasikie kwamba mwenye kiburi ni mie.

Sala ya jioni ongoza wewe. Niombee lolote unaloona nimepungukiwa, tena kwa sauti, watoto wasikie. Mie nitaitikia Amina.

Baba Sekela