Kwa Baba Skrubu, Uliyeacha Kitanda cha Mashine Bila Kumaliza

Mwaka umetimia, Baba Skrubu, tangu ulipovua miwani yako ya kazi, ukaiweka kwenye dirisha la karakana, ukasema unakuja kunywa chai. Chai ilipoa. Moyo wako ulisimama pale mlangoni, na mimi nikadhani umeinama kufunga kamba za viatu.

Waliokuja kuzika walikusifu kwa upole wako, na ni kweli. Cherehani za mtaa mzima zilipita mikononi mwako. Ekseli ya mashine ya kusaga ya jirani ilipokatika, ulimkerezea nyingine ukakataa hata soda. Lakini wao hawakuishi na wewe. Hawakujifuta kwa taulo lenye oili, wala hawakukuta gia zimelowekwa mafuta ya taa ndani ya beseni la kuogeshea mtoto.

Ulikuwa na ugonjwa wa mashine kuukuu za kukerezea chuma. Ya kwanza ililetwa kwa mkokoteni. Ya pili ilibomoa nguzo ya geti wakati wa kuingia, ukacheka peke yako. Ya tatu uliinunua kwenye kiwanda kilichofungwa, imejaa mavi ya popo, na mimi nikaiita Mke Mwenza, maana hukuwahi kuniamkia mimi kabla ya kumwamkia yeye.

Mke Mwenza alikuwa na kasoro moja kubwa. Kitanda chake, yaani zile reli mbili ndefu ambazo kisu husafiri juu yazo, kilikuwa kimelika kwa miaka mingi ya kazi, na mashine ya namna hiyo haikerezi kitu kikanyooka. Ukaamua kukisawazisha kwa mkono. Unapaka rula nzito rangi ya buluu, unaisugua juu ya kitanda, na pale buluu inaposhika ndipo palipoinuka. Unapakwangua kidogo tu kwa patasi, halafu unaanza tena. Buluu hiyo ilituandama kwenye vikombe, kwenye swichi za taa, mpaka kwenye shavu la mjukuu wako. Patasi ulimruhusu binti yetu Skrubu peke yake. Ulimwahidi kwamba siku mashine itakapowaka ni yake, afungue karakana, aache kutumwa na watu.

Ilibaki kazi ndogo sana. Skrubu aliomba likizo aje aimalizie kabla ya siku hii ya kumbukumbu yako.

Sasa nikwambie alichofanya mdogo wako, fundi wa kuchomelea mageti, maana nisipokwambia wewe nitapasuka. Alitaka karakana iwe safi wageni wakija. Akaomba ufunguo, tukampa. Akakuta kitanda kimejaa makwaruzo mwanzo mpaka mwisho, akakuonea huruma kwamba umekufa kabla hujakipiga msasa. Akawasha grenda yake ya kulainishia vyuma, akakisaga chote. Alipomaliza alituita sote tuone. Kiling'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu hapo, na yeye analia, anasema kaka angefurahi.

Skrubu alifika, begi bado liko begani. Hakugomba. Aliweka rula juu ya kitanda, ikachezacheza kama meza yenye mguu mfupi.

“Baba mdogo,” alisema, “hayo makwaruzo ndiyo yalikuwa kazi yenyewe.”

Mdogo wako alikaa chini, palepale kwenye vumbi la chuma. Alisema hakujua. Kweli hakujua, na hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu nashindwa hata kumchukia vizuri. Watu wananiambia nia yake ilikuwa njema. Nia njema imefuta kazi ya mikono yako yote, mume wangu, na bado natakiwa nimkaribishe chakula.

Skrubu aliinama na tochi. Pembeni kabisa, karibu na kichwa cha mashine, ambapo jiwe la grenda halikuweza kuingia, alikuta sehemu ya ukubwa wa kiganja. Makwaruzo yako yapo bado, na buluu kidogo. Akasema hapo hapaguswi, ndipo atakapopimia akianza upya. Itamchukua muda mrefu kuliko wewe, maana kitanda sasa ni kibovu kuliko kilivyokuwa ulipokinunua. Likizo ilipoisha alirudi kutumwa na watu. Huja Jumapili tu.

Mdogo wako aliomba asiandikwe kwenye tangazo hili la kumbukumbu, na mimi nilikubali haraka. Skrubu akasema ataandikwa, ila kila Jumapili aje amshikie rula. Anakuja. Anashika. Jumapili iliyopita aliondoka na buluu shavuni, nikaiona, sikumwambia.

Unakumbukwa na mkeo, na Skrubu, na kaka yake, dereva, ambaye bado anaificha kwa matofali ile nguzo ya geti iliyobomolewa na mashine, na mjukuu wako, anayeuliza kwa nini babu hamalizi chai, na dada yako, fundi cherehani. Na mdogo wako, fundi wa mageti.

Hatutakusahau, Baba Skrubu, siku zote za maisha yetu. Hata tungetaka, buluu yako haitoki kwa sabuni.