Mbuzi Nyekundu na Swali Nililoonea Haya

Lundi, 3 mars
Mvua tena huku Rughenda, Butembo. Nimekata majani, nimelisha mbuzi, nimefungua simu. Kwenye forum yetu ya bafugaji, mugeni mumoja anauliza tena juu ya kuku kukohoa. Nikamujibu: «Ilishajibiwa. Tafuta kule juu.» Batu bakacheka. Na mimi nikacheka. Bavivu bananichokesha.

Mercredi, 5
Samedi, tarehe 8, tunapeleka mahari ya mudogo wangu Kambale kule Beni, kwa bazazi ba binti anayetaka kuoa. Kwetu mahari ni mbuzi. Ile mbuzi ya mama ya binti, hapana kubadilisha: alikuja mwenyewe hapa Butembo, akachagua ile nyekundu yenye mimba. Kambale anatelefone kila saa: «Yaya, dada yangu, nyekundu iko muzuri?» Iko muzuri! Aniache nitumike kazi yangu.

Jeudi, 6, asubui
Nyekundu amevimba tumbo. Anasaga meno. Jana aliingia jikoni, akakula mahindi yetu yote ya kusaga.
Niulize kwenye forum? Mimi, mwenye kufukuza bengine? Haya tupu. Nimetafuta kule juu. Jibu iko, ya zamani sana, batu bengi bameshukuru: mafuta ya kula, kisha kumutembeza. Nimefanya vile.

Jeudi, mangaribi
Amekufa. Na mimba yake.
Sasa njo nikauliza, nikataja na ile jibu nilifuata. Mzee mumoja wa Kamango akajibu palepale: «Alikula nini?» Mahindi. «Aa, mama. Ile jibu ilikuwa ya mbuzi aliyekula majani mabichi. Ya mahindi iko na dawa ingine. Ungeuliza asubui.»
Jibu ya zamani haikuniuliza kitu. Yesu wangu, simu ilikuwa mukononi! Kiburi changu kimemukula mbuzi.

Samedi, 8
Beni. Tulipeleka ingine, mweusi, munene. Mama ya binti akamuangalia: «Huyu simujue.» Baba ya binti akasema turudi mavuno ikiisha. Donc hakuna ndoa mpaka pale.
Kambale alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mulango. Heri angenitukana.

Siku ya yenga, 16
Misa, kisha majani. Kambale hajatelefone. Kamba ya nyekundu ingali kwenye nguzo, sijaifungua.
Kwenye forum mama mumoja ameandika: mbuzi wake amevimba. Mara moja batu: tafuta kule juu, tafuta kule juu. Ni mimi nilibafundisha.
Nikamuandikia: «Mama, alikula nini?»
Anaandika.