Mafyulisi ya Baba Yako

Yeongcheon, 3 Juni

Mwanangu Gi-tae,

Salamu kwanza, na pole na jua la Kuwait. Unakula? Unalala? Mimi goti linaniuma mvua ikikaribia, mengine mazima. Simu siipendi, hunikata maneno katikati. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa shule yangu iliishia darasa la sita, na barua naitia ndani ya kifurushi cha dagaa wakavu.

Mkeo sasa ni mtu wa hapa. Unakumbuka siku ya kwanza nilimpangia visahani kumi na viwili vya vitoweo, akavitazama vyote, akauliza, "Mama, kipi changu?" Kwao Mongolia kila mtu na nyama yake. Nikamwambia vyote ni vyako na vyote si vyako, kula. Leo? Supu ya mifupa anakunywa mabakuli mawili. Kimchi ya kabichi ikiwa changa anaidharau, anataka iliyochacha mpaka uso unakunjamana. Wateja wanakuja mkahawani kwangu kumwangalia Sarnai anavyokula, nami nawaongezea wali bure kwa furaha. Nani mwingine soko hili ana mkazamwana kama huyo? Muuza tofu anao wawili, wazaliwa wa hapa hapa, na hakuna ajuaye kuosha mchele.

Shida ni shangazi yako Mal-ja. Amesema mwaka huu atakuja kulikagua mwenyewe tambiko la baba yako. Kama mkono wa mgeni hauwezi kuandaa meza ya marehemu, tambiko litahamia kwa binamu yako kule Daegu. Yaani mimi nipande basi kwenda kumsujudia mume wangu nyumbani kwa watu. Usihofu. Nimemfundisha Sarnai kila kitu.

Mamako

Kuwait, 28 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti likoje? Mimi mzima, joto tu limenichuja. Dagaa walifika, wenzangu kambini wakanimalizia.

Sarnai ananiambia anamuuliza kila mteja baba alipenda kula nini. Nimefurahi. Ila Mama, na miiko umemfundisha? Shangazi hasahau. Hata harusini alikumbusha watu kwamba nikiwa na miaka minne niliiba keki ya wali kwenye tambiko la babu.

Mwanao, Gi-tae

Yeongcheon, 21 Agosti

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na la kujisifia, na bila hilo kalamu yangu ni nzito.

Meza ilipendeza. Sarnai aliipanga peke yake: wali, supu, mishikaki ya papa wa chumvi, mboga tatu zisizo na kitunguu saumu wala pilipili, kunazi, peasi. Mimi nimesimama nimevimba kama chura. Shangazi yako akakagua sahani kwa sahani, akaguna tu, na guno lake unalijua, ndiyo sifa. Tukafungua mlango ili roho ya baba yako iingie.

Hapo Sarnai akatoka jikoni na sinia. Mafyulisi matano, mekundu mashavuni, hata manyoya hayajafutwa. Akayaweka karibu kabisa na picha ya baba yako.

Wateja walimwambia kweli. Baba yako alilima mafyulisi miaka thelathini, na aliyala mpaka maji yakamtiririka kiwikoni. Lakini nani alimwambia kwamba fyulisi hufukuza roho, kwamba halikai meza ya wafu hata kama marehemu alilipenda kuliko mkewe? Hakuna. Mtoto wa hapa hafundishwi hilo, anakua nalo. Na wewe uliponiuliza habari ya miiko, nilijibu moyoni kwamba pilipili na kitunguu saumu nimekwisha kuvitaja.

Shangazi yako akasema polepole, "Mmemfungulia mlango, halafu mmemfukuza."

Sarnai akanitazama. Kosa hakulijua, alijua tu kwamba lipo. Nikasema, "Wifi, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwagiza ayalete."

"Wewe? Miaka thelathini na minane unaandaa meza za wafu wa ukoo huu?"

"Uzee, wifi."

Binamu zako wakainamisha vichwa wafiche vicheko. Tuliyaondoa tukaanza upya, lakini shangazi yako hakuonja kitu. Aliondoka akisema neno lake kuhusu tambiko litakuja. Sasa soko zima linanicheka. Muuza tofu ameniuliza kama bado naikumbuka njia ya nyumbani.

Mamako

Kuwait, 10 Septemba

Mama,

Shikamoo, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Sarnai ameelezwa na muuza tofu maana ya yale matunda. Anaona haya hata kukutazama. Anasema tambiko likihama atarudi kiwandani Daegu alikokuwa akifanya kazi, hawezi kukaa katika nyumba alimomfukuza mwenye nyumba. Mimi huku siwezi kitu. Usimwache aondoke.

Na Mama, hujawahi kukubali kosa lako. Sasa umekubali lisilo lako. Ingawa lilikuwa lako kidogo.

Gi-tae

Yeongcheon, 2 Oktoba

Mwanangu,

"Lako kidogo," umeandika. Haya. Joto limepungua huko? Kula ushibe.

Jumatatu mchana shangazi yako aliingia mkahawani bila hodi, akakaa meza ya katikati. Sarnai alikuwa ameshafunga begi lake. Akamletea supu, wali na visahani saba. Shangazi yako akamuuliza ni nani hasa aliyeleta yale mafyulisi.

Nikakohoa. Sarnai hakunisikiliza.

"Ni mimi. Mama alisema uongo. Watu wote waliniambia baba alipenda fyulisi, na mwaka jana niliona amepewa peasi. Nikamhurumia."

Watu waliacha kutafuna. Shangazi yako akashika kijiko, akakiweka chini.

"Ni mdogo wangu yule," akasema. "Kila mwaka napita shambani kwake, nachuma fyulisi moja la kumpa, nafika mpaka mlangoni kwenu, nakumbuka mwiko, nalila mwenyewe nje."

Kisha akala. Alimaliza wali, akafuta mdomo, akasema mbele ya wateja wote kwamba tambiko linabaki hapa hapa, na kwamba kuanzia mwezi huu atakuwa anakuja kila Jumatatu kumfundisha Sarnai mwenyewe, maana mama mkwe aliyempata hajui kufundisha hata paka kunywa maziwa.

Nilikuwa na jibu, mwanangu, tena zuri, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwongezea supu.

Mamako